Kijiji cha Sita

Jumanne, 1 Oktoba 1974

Nimerekebisha negativu kumi na moja kabla ya adhuhuri. Paspoti tisa, harusi moja, na mwanajeshi aliyetaka nimtoe mifuko chini ya macho. Nimemtoa kidogo. Nikiitoa yote mama yake hatamjua.

Vumbi. Mvua hata harufu yake hakuna. Nafuta meza, nageuka, nafuta tena. Saumu ya kumi na nne na koo limekauka kama karatasi ya msasa.

Baba Shani amerudi na kijikaratasi cha posta. Kifurushi cha rejista, jina langu, si la studio. Kutoka Australia. Basi ni Faraji, mdogo wangu. Barua zake huwa nyembamba, nusu ukurasa na salamu kwa wote. Kifurushi hajawahi kuleta.

Alhamisi, 3 Oktoba

Asubuhi nzima posta. Kifurushi kimefunguliwa mbele yangu, ndio utaratibu. Ndani filamu nne, kila moja pana kama sinia dogo, zimejaa nukta nyeusi. Maelfu na maelfu. Karani akainua moja dirishani. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Shinyanga hii, mtu akiona nukta nyingi juu ya kitu kilichofungwa vizuri anafikiria jambo moja tu.

"Hii ni ramani ya almasi?" mkubwa akauliza.

Nikasema ni picha za nyota.

"Nyota nyeusi?"

Nilikuwa na negativu ya mteja kwenye mkoba. Nikaiinua, akaona mtu mwenye meno meusi na nywele nyeupe. Akacheka, akagonga muhuri. Lakini nyuma yangu foleni nzima ilishasikia neno almasi, na habari ya foleni haichelewi kufika mtaa wa Kambarage.

Ijumaa, 4 Oktoba

Barua ya Faraji, kurasa sita. Nimeisoma mara tatu.

Anasomea nyota, hilo tunalijua, ingawa marehemu baba alifariki akiwaambia watu wa Tinde kuwa mwanawe anasomea hali ya hewa. Sasa ameeleza hasa anachofanya. Galaksi ni mji wa nyota. Kuna mji mmoja mkubwa, jirani yetu kwa vipimo vyao, upande wa kusini wa mbingu. Mji ule una vijiji vidogo vinavyouzunguka. Vingine vinajulikana, vingine hakuna binadamu aliyewahi kuviona. Nyota zake ni chache na ziko mbali mno, hazionekani moja moja. Kinachoonekana ni doa tu, kama pumzi juu ya kioo.

Filamu hizi ni mbingu inayouzunguka ule mji. Yeye amekwisha kuzipitia. Orodha yake iko kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mwalimu wake. Mwalimu anataka mtu wa pili apitie bila kujua wa kwanza ameona nini. Mwanafunzi mwenzake aliyeahidi ameacha masomo. Faraji akamwambia mwalimu wake kuwa anamjua mtu mwenye macho kuliko yeye. Orodha yangu ifike kabla Novemba haijaisha, kwa sababu ndipo wanapoomba zamu kwenye darubini kubwa. Asipopata zamu, hana tasnifu. Asipokuwa na tasnifu, anarudi mikono mitupu baada ya miaka minne.

Filamu ni za chuo. Seti ni hii moja tu.

Nitaandika ukweli maana hakuna asomaye hapa. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni si furaha. Ni wivu. Hesabu za darasa la saba nilimfundisha mimi. Mimi nilikomea la nane, yeye akaendelea. Nilidhani nimeshasamehe. Kumbe nilikuwa nimenyamaza tu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeanza.

Nimekata kadibodi na kuitoboa dirisha la ukubwa wa kiberiti. Naiweka juu ya filamu, natazama ndani ya dirisha kwa kioo cha kukuzia, nasogeza. Mstari kwa mstari, kutoka kona ya juu kushoto. Meza yangu ya kurekebishia inafaa, ina kioo chini kinachorusha mwanga wa jua juu. Mwanga mzuri ni kuanzia saa tatu mpaka saa tisa. Ndio mwanga huohuo wa kazi ya studio. Baba Shani ameliona hilo.

Sheria zangu: mikono mikavu, hakuna kanga inayoning'inia, hakuna mtoto. Shani wetu ana miaka tisa na vidole vya maembe. Anaweza kutazama akiwa mlangoni.

Jumatano, 9 Oktoba

Vumbi, mikwaruzo, unywele wa mtu wa huko ng'ambo, kiputo cha dawa. Yote hayo nayajua, nimeyafuta miaka kumi na mmoja kwenye nyuso za watu. Vumbi lina ukingo mkali. Kiputo ni duara kamili mno. Kitu cha kweli hakina ukingo, kinaishia polepole.

Cha kwanza nimekipata saa nane. Doa dogo, chini kulia. Nimekiandika. Sikuamini, nikakitafuta upya baada ya swala. Kipo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilichokihofia kimekuja. Kijana mmoja, Masanja, mchimbaji wa kule karibu na Songwa. Viatu vya raba, suruali nyeupe kwa udongo. Akasimama mlangoni kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Shani."

"Marahaba."

"Nimesikia una karatasi inayoonyesha mawe yalipo."

Baba Shani akatoka chumba cha giza na mikono inayodondoka dawa, tayari kumfukuza. Nikasema mwache aone. Mtu akikatazwa ndipo anapoamini. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikampa kioo. Akainama muda mrefu. Hakugusa kitu.

"Haya si mawe ya kwetu," akasema mwishowe.

"Si ya kwetu."

Akauliza basi natafuta nini. Nikamweleza doa lisilo na ukingo. Akanitazama nikifanya mistari miwili, akatikisa kichwa.

"Mama, unakosea. Wewe unalitafuta. Sisi jiwe hatulitafuti. Ukishachekecha, unatazama kokoto zote kama zilivyo, huchagui hata moja. Lile geni linakuja lenyewe jichoni."

Kwa kuwa alishafika mjini, akapigwa picha. Moja, amesimama, ngumi kiunoni. "Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma akiondoka. Baba Shani anasema kesho atakuja mwingine mwenye nyundo. Huenda. Nimezihamishia filamu chini ya godoro letu, ndani ya mbao mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hakuja mtu. Nadhani Masanja amewaambia ukweli huko machimboni, na ukweli huo hauna faida.

Kijiji cha pili, filamu ya kwanza hiyohiyo, juu, nilipoipitia upya. Nina shaka nacho.

Jumatano, 16 Oktoba

Kesho Idi, au keshokutwa, inategemea mwezi. Mji mzima umeamka na kutaka picha. Watoto wenye kofia mpya, akina mama wenye wanja. Vitambulisho vya mgodi pia, kana kwamba mgodi hauwezi kusubiri. Baba Shani anapiga, mimi nasafisha, naosha, naanika. Karatasi za picha zimebaki pakiti mbili.

Mchana nimeiba nusu saa. Nilitoka kwenye beseni moja kwa moja hadi mezani. Filamu ya pili, karibu katikati, nimeona kijiji cha tatu. Kizuri kuliko vyote. Mviringo mrefu kidogo, mwepesi, peke yake mahali pasipo nyota kubwa. Nimekiandika na kukipigia mistari miwili chini.

Nilikuwa na njaa na kiu na nilikuwa na furaha kama msichana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Idi ilikuwa jana. Mguu umevimba kwa kusimama. Tumegombana. Baba Shani amesema negativu za Idi hazijarekebishwa hata moja na watu watazitaka Jumatatu, na kwamba nyota zimekaa huko miaka yote bila mimi. Nimemwambia naye amekaa hapa miaka yote bila kuniuliza napenda nini. Nikajuta, lakini sikusema samahani.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumepatana bila maneno. Yeye ameanza kurekebisha negativu rahisi mwenyewe. Vibaya. Kuna bibi mmoja amebaki bila nyusi. Nimemrudishia nyusi zake kwa penseli.

Cha nne na cha tano, filamu ya tatu. Cha nne nina imani nacho.

Jumatatu, 28 Oktoba

Filamu ya nne ni ngumu. Ina nyota moja kubwa inayomwaga weusi pande zote, kama taa chafu. Pembeni yake hakuonekani kitu. Nimepita mara mbili, macho yanauma.

Nikakumbuka maneno ya Masanja. Nikaacha kutafuta. Nikatazama kila punje kama ilivyo, bila kuipa jina, dirisha kwa dirisha, kama mtu anayepitisha mchanga mkononi. Karibu na ile nyota kubwa pakaja kitu. Hafifu mno: nikikikazia macho kinapotea, nikitazama pembeni yake kinarudi. Hakina ukingo. Nimeigeuza filamu juu chini, kipo. Nimefumba jicho moja, kipo.

Cha sita. Nimekiandika mwisho na alama ya kuuliza. Naona aibu kukipeleka. Ni kama kusema nimesikia mtu akinong'ona sokoni.

Jumamosi, 2 Novemba

Orodha imekwenda kwa ndege. Vijiji sita, kila kimoja na mahali pake kwa milimita kutoka pembeni. Cha tatu nimekisifu kwa aya nzima. Filamu zitafuata wiki ijayo, nataka nizifunge vizuri.

Nimelala mchana, jambo nisilolifanya.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku mbaya.

Bwana harusi mmoja amerudisha picha akilalamika. Kwenye shati lake jeupe kuna kivuli. Nikaangalia negativu. Tone la maji lilikaukia juu yake, likaacha doa la mviringo, jepesi, zuri, upande mmoja umeishia polepole na upande mwingine una ukingo mwembamba kama uzi. Nikasimama nalo dirishani.

Nikafunga mlango. Nikatoa filamu ya pili. Nikailaza upande ili mwanga upite juu yake na si ndani yake. Kijiji cha tatu kikang'aa. Kitu kilicho ndani ya filamu haking'ai. Hiki kiko juu. Ni tone. Na ni tone langu: Jumatano ile, kutoka kwenye beseni, mkono wa gauni ulikuwa mbichi.

Niliona ukingo ule siku ileile. Sasa nakumbuka kuwa niliuona. Nilitaka kiwe kijiji, nikaupita.

Ijumaa, 8 Novemba

Nikiiosha filamu kwa maji safi na kuianika polepole, doa litaondoka. Nimeshafanya hivyo mara mia kwa picha za watu. Hakuna atakayejua nilichafua mali ya chuo. Faraji atakitafuta cha tatu, asikione, atasema dada alikosea namba. Basi.

Lakini kabla ya kukitafuta atakuwa amekwisha kumwambia mwalimu wake. Namjua. Atakuwa amekimbia ngazini na orodha mkononi. Wakipewa zamu ya darubini kwa ajili ya cha tatu, usiku mzima wa watu utaelekezwa kwenye tone la maji la Shinyanga.

Na nikisema, hawataamini vile vingine vitano. Cha sita ndiyo kabisa. Na mimi nitakuwa yule wa darasa la nane aliyepewa kitu cha wasomi akakimwagia maji.

Nimemwambia Baba Shani wakati wa chakula. Ugali wa unga wa njano, hakuna anayeupenda, tunakula. Nilitegemea aseme nilikuonya. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Kesho posta wanafungua asubuhi," akasema. "Nitakaa studio mimi."

Jumamosi, 9 Novemba

Karani alikuwa yuleyule wa siku ya kifurushi. Nikampa telegramu. Akaisoma kwa sauti, foleni ikisikiliza.

"Futa kijiji cha tatu. Tone la maji. Kosa langu. Rehema." Akanitazama juu ya miwani. Mwaka huu neno kijiji si la kuchezea, kila mtu ana ndugu anayehamishiwa vijiji vya ujamaa. "Mama Shani, kijiji kipi hiki?"

"Cha mbinguni."

"Na nani anakifuta?"

"Mimi."

"Una ruhusa?"

Nikasema nilikianzisha mwenyewe. Mzee mmoja nyuma yangu akacheka mpaka akakohoa. Karani akahesabu maneno, akatikisa kichwa, akaipokea.

Nimetembea kurudi kwa miguu. Aibu tupu. Lakini mwili mwepesi.

Jumanne, 12 Novemba

Filamu zimekwenda. Tone sikuliosha. Nimelionyesha kwa duara la penseli kwenye karatasi ya kufungia na kueleza kwa barua limeletwa na nini na litatolewaje, ili aliondoe mtu mwenye maji safi kuliko ya kwetu. Nimeandika pia kuwa vile vitano vingine nimevipima vyote kwa mwanga wa pembeni na havikung'aa. Cha sita nimekitazama mara nne. Nimefuta alama ya kuuliza.

Mvua ya kwanza imenyesha saa kumi. Vumbi limelala.

Jumatano, 4 Desemba

Kimya. Hakuna telegramu, hakuna barua. Faraji ana hasira nami. Ana haki.

Shani ameniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nafikiri. Akasema kufikiri kwangu kunafanana na kuumwa.

Jumatatu, 23 Desemba

Barua. Nimeisoma nikiwa nimesimama posta, mvua ikipiga bati.

Ni kweli alikuwa amekimbia ngazini. Telegramu ilimkuta siku mbili baada ya kumwambia kila mtu. Anasema alikasirika mpaka akashindwa kuandika, kisha akaona aibu kwa kukasirika, na aibu ndiyo iliyochelewesha zaidi. Barua yangu ya maelezo akaipeleka kwa mwalimu wake, akamtafsiria mstari kwa mstari. Mwalimu akatoa filamu ya pili, akailaza dirishani kama nilivyosema. Likang'aa. Akaita watu wengine waje waone. Hawakuwa wakifanya hivyo. Sasa wanapima madoa yote kwa mwanga wa pembeni, na katika orodha ya Faraji mwenyewe mawili yameanguka.

Bahasha yenye orodha yake ilifunguliwa siku hiyohiyo. Changu cha kwanza na cha nne viko pia kwake. Cha pili na cha tano wanaviona ni galaksi za mbali sana, hazihusiani. Cha sita Faraji hana. Alipita pale mara tatu na ile nyota kubwa ikamfukuza. Yeye alisema kiachwe. Mwalimu alisema aliyeweza kujifuta mwenyewe kwa telegramu, hicho cha mwisho alichong'ang'ania kinafaa kutazamwa. Kimeingizwa kwenye maombi. Zamu wamepata, mwezi wa tatu.

Mwishoni ameandika: "Dada, hesabu za darasa la saba sijazisahau."

Nimelia kidogo nyuma ya ubao wa matangazo. Wivu umepungua. Haujaisha. Nadhani utabaki mdogo tu, kama kovu ambalo mteja hataki litolewe.

Jumapili, 9 Februari 1975

Hakuna jipya. Mahindi yamesimama vizuri njia yote ya Tinde, safari hii huenda tukavuna. Karatasi za picha hazipatikani Mwanza wala Tabora. Tunapiga picha moja pale tulipokuwa tukipiga tatu.

Natazama kwa pembeni siku hizi bila kukusudia. Watu, kuta, wali kwenye ungo.

Alhamisi, 17 Aprili

Bahasha ngumu, ndani picha moja, karatasi nzuri ambayo sisi hatujaiona mwaka mzima.

Cha sita ni kweli.

Darubini kubwa imelivunja doa likawa punje. Punje ni nyota. Nyingi, ndogo, zimetawanyika bila kugusana. Faraji anasema umbali haujapimwa, na mpaka upimwe hawawezi kuapa kuwa ni kijiji cha mji ule na si kitu kilichopita njia. Cha kwanza kimethibitika pia. Cha nne wingu liliwazuia. Tasnifu yake inasonga. Katika maandishi watakayochapisha, panapotajwa waliotafuta, patakuwa na majina mawili. La pili ni langu, na mahali ni Shinyanga.

Nimefurahi. Sina neno jingine. Nimefurahi.

Jumapili, 20 Aprili

Studio imefungwa. Shani yuko kwa shangazi yake. Mwanga mzuri asubuhi hii, umetulia baada ya mvua.

Niliiacha picha mezani na kwenda kuanika nguo. Niliporudi, Baba Shani alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Tangu filamu zije hajawahi kukaa pale. Ameshika kioo, ameinama, kidole hewani juu ya picha bila kuigusa. Nikabaki mlangoni na beseni tupu.

Alitafuta muda mrefu, kuliko hata Masanja. Kuna jogoo aliwika kwa jirani, akanyamaza. Mwishowe akaacha kukodoa. Mabega yakashuka. Kidole kikaenda kushoto, kikarudi kidogo, kikasimama.

"Mama Shani," akasema, bila kugeuka, "hiki hapa?"

Nikasogea nikaangalia. Nikamwambia ndicho.